Kivuli Kilichobaki Ukurasani

Fungua juzuu ya kwanza ya safari ya pili ya James Cook, nahodha Mwingereza, toleo la London la mwaka 1777, mpaka sura ya Kisiwa cha Easter, katika Bahari ya Pasifiki. Karatasi ni nene, ina rangi ya krimu, na pembezoni kumeachwa nafasi ya kutosha. Geuza ukurasa mmoja zaidi, kisha simama hapo.

Juu ya maandishi, kama moshi uliotulia, kuna umbo la kahawia. Mawe marefu yenye vichwa na kofia. Mtu amesimama kando yake. Ni sanamu za kisiwa kile kama William Hodges, mchoraji wa safari hiyo, alivyozichora na William Woollett akazichonga kwenye bamba la shaba. Lakini zimegeuka: kilichopaswa kuwa kushoto kiko kulia.

Picha yenyewe haipo.

Wino wa picha za shaba ulisagwa na mafuta ya kitani yaliyochemshwa. Kitabu kikikaa kimefungwa kwa miaka mia mbili na zaidi, mafuta hayo huhamia taratibu kwenye ukurasa unaotazamana na picha na kuacha alama. Mtu fulani alipitisha kisu karibu na mshono, akaondoka na karatasi yake. Kivuli hakukiona, au alikiona akakiacha kwa kuwa hakiuziki.

Nakala ya namna hii ndiyo imenisumbua kwa wiki kadhaa. Swali lenyewe ni jepesi kulitamka: pengo lile lizibwe au libaki? Picha ileile hupatikana sokoni, imetolewa kwenye kitabu kingine na kutiwa fremu. Ukiinunua na kumkabidhi fundi jalada, kazi ya jioni moja inatosha na kitabu kinakuwa kamili.

Kamili kwa maana gani?

## Picha ndiyo iliyouza kitabu

Anayekusanya vitabu vya safari za bahari hujifunza mapema kwamba picha hazikuwa pambo. George Forster, aliyesafiri na Cook kwenye meli *Resolution* pamoja na baba yake, alitoa kitabu chake Machi 1777, wiki chache kabla ya kile cha Cook. Kimeandikwa vizuri mno, na wengi tunaokipenda tunakiona kinampita Cook kwa jicho na kwa huruma. Lakini picha za safari zilikuwa mikononi mwa Idara ya Bahari ya Uingereza, na Forster akabaki na ramani moja ya kukunjua. Kitabu cha Cook kilikuwa na picha na ramani 63, mbali na picha ya uso wa Cook mwenyewe mwanzoni. Wasomaji walikifuata hicho.

Safari ya tatu ni ushahidi mzito zaidi. Meli zilirudi Oktoba 1780, kitabu kikatoka Juni 1784. Sehemu kubwa ya kuchelewa huko ilisababishwa na uchongaji wa michoro ya John Webber, mchoraji wa safari hiyo. Kilipotoka, juzuu tatu za maandishi na atlasi kubwa ya picha, nakala ziliisha kwa siku tatu.

Kwa hiyo aliyekata picha hakugusa kitu cha ziada. Aligusa kile ambacho watu walikilipia tangu siku ya kwanza.

## Kuhesabu kabla ya kupenda

Kosa la wengi wanaoanza ni kuangalia jalada. Jalada hubadilishwa, na la ngozi mpya linaweza kuficha kitabu kilichokatwakatwa vibaya. Anza kwa kuhesabu.

Maandishi kwanza. Kitabu cha kwarto kimetokana na karatasi kubwa iliyokunjwa mara mbili, ikatoa karatasi nne, yaani kurasa nane. Chini ya ukurasa wa kwanza wa kila mkunjo kuna herufi: B, kisha C, kisha D. Herufi A kwa kawaida iliachiwa kurasa za utangulizi, zilizochapwa mwisho. Usishtuke ukikosa J na W, na ukiona moja tu kati ya U na V: wachapaji walitumia alfabeti ya herufi 23, na baada ya Z wakaanza tena na Aa. Hesabu karatasi nne kwa kila herufi. Ukipata tatu, tafuta. Huenda imeng'oka, na huenda mchapaji mwenyewe aliikata yenye kosa na kubandika nyingine. Hiyo ya pili ni kawaida, na haishushi thamani.

Halafu picha. Vitabu hivi viliuzwa na orodha ya picha pamoja na maelekezo kwa fundi jalada: picha namba fulani ikae ukurasa fulani. Orodha hiyo ndiyo mwamuzi wako. Iandike kwenye karatasi, pitia kitabu ukurasa kwa ukurasa, tia alama.

Hapa mtego wa toleo la 1777 huwanasa wengi. Namba za picha hazifuati mpangilio wa maandishi. Sanamu za Kisiwa cha Easter ni picha ya XLIX (49), nazo ziko juzuu ya kwanza. Familia ya Dusky Bay, New Zealand, ni ya LXIII (63), mwishoni kabisa mwa namba, lakini nayo iko juzuu ya kwanza. Mtu anaona namba zinaruka, anadhani kitabu kimeibiwa nusu, anakiacha. Mwingine anaona kitabu kimejaa picha, haangalii orodha, ananunua pengo.

Angalia pia mwanzoni kabisa. Picha ya uso wa Cook, iliyochongwa na James Basire, ndiyo huondoka kwanza kwa sababu kila mtu anaijua na inajaa vizuri kwenye fremu ndogo.

Safari ya tatu ina mtego wa kinyume. Picha ya kifo cha Cook, iliyotokana na mchoro wa Webber, haikuwa sehemu ya toleo la kwanza. Iliuzwa peke yake, na baadhi ya wanunuzi wakaitia ndani ya atlasi zao. Atlasi isiyo nayo haina upungufu wowote: ramani mbili na picha 61 zinatosha. Muuzaji akikudai nyongeza kwa kuwa picha hiyo imo, hana kosa. Akikwambia kwamba nyingine zote ni pungufu kwa kuikosa, anakosea.

Na juzuu tatu za maandishi? Geuza ukurasa wa jina. Ukiona medali ya Cook imechorwa pale, unashika toleo la 1785, si la 1784. Ni toleo zuri, limechapwa kwa uangalifu zaidi, lakini si lile lililoisha kwa siku tatu.

## Kivuli, tundu na kisu

Sasa turudi kwenye kile kivuli, maana ndicho kilichonifanya nifikiri upya.

Mimi nilikuwa nikikitazama kama uchafu. Muuzaji naye hukitaja hivyo: "madoa kidogo." Kumbe kivuli ni shahidi. Kinaonyesha picha ilikuwepo, ilikaa hapo muda mrefu, na ilikaa upande upi. Ukikuta kivuli bila picha, picha imetolewa. Ukikuta picha na ukurasa unaotazamana nayo ni msafi kabisa, huku picha nyingine zote za kitabu hicho zimeacha vivuli, basi uliza. Inawezekana kulikuwa na karatasi nyembamba ya kukinga iliyopotea. Inawezekana pia picha hiyo imeingia juzi, kutoka kitabu kingine.

Tundu za wadudu husema wazi zaidi. Mdudu hatambui maandishi wala picha. Hutoboa njia moja, akipita karatasi zote zilizo mbele yake. Tundu likipita ukurasa wa 290, likakosekana kwenye picha, kisha likaendelea ukurasa wa 295, picha ile ni mgeni. Hakuna hoja inayolishinda tundu.

Halafu kuna ukubwa. Kila fundi alipunguza kingo za kitabu kwa kipimo chake. Picha iliyotoka kitabu kingine huwa fupi au ndefu kwa milimita kadhaa kuliko wenzake, na ukingo wake hauna ile rangi ya vumbi waliyonayo jirani zake. Kifunge kitabu, kiweke juu ya meza, tazama ukingo wa juu kwenye mwanga unaotoka ubavuni. Karatasi ngeni hujionyesha kama mstari mweupe.

Uthibitisho wa kwamba ni picha ya shaba kweli unapatikana kwa vidole na kwa lenzi. Bamba la shaba lilibanwa kwa nguvu nyingi mpaka likaacha bonde la mstatili kuzunguka picha. Pitisha kidole taratibu pembeni, utahisi kingo zake, isipokuwa fundi amezikata. Chini ya lenzi inayokuza mara 10, mistari ya wino imeinuka na ina ncha. Litografia, iliyochapwa kutoka jiwe, haina bonde, na sehemu zake za giza ni chembechembe kama za penseli ya nta. Ukiona nukta zilizopangwa kwa mistari sawasawa, una picha ya mashine za kisasa, hata iwe imepakwa chai.

Soma pia chini ya picha. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1735 ilitaka jina la mmiliki na tarehe vichongwe kwenye bamba, ndiyo maana picha nyingi za kitabu kile zina tarehe 1 Februari 1777. Lakini tarehe hiyo haithibitishi toleo, kwa sababu mabamba yaleyale yalitumika tena baadaye. Tazama anga na maji. Mistari miembamba ndiyo huchakaa kwanza. Anga likiwa limepauka na vivuli vya mawingu vimekatikakatika, bamba lilikuwa limechoka.

Na rangi. Picha za Cook zilitoka nyeusi na nyeupe. Ukiona sanamu za Kisiwa cha Easter zimesimama kwenye majani mabichi chini ya anga la samawati, kuna mtu alizipaka baadaye ili ziuzike ukutani.

## Picha ikiachwa peke yake

Mpaka hapo swali langu lilikuwa la ufundi. Lilibadilika nilipoanza kulinganisha picha na maneno yanayozizunguka.

Mwandishi John Hawkesworth alilipwa pauni 6,000 kutayarisha maelezo ya safari za Waingereza, ikiwamo ya kwanza ya Cook, yaliyotoka mwaka 1773. Ndani yake kuna picha ya wenyeji wa Tierra del Fuego, kusini kabisa mwa Amerika, kwenye kibanda chao. Mchoro wa asili ulikuwa wa Alexander Buchan: watu wamejikunyata kwenye kibanda duni, baridi inaonekana. Buchan alifariki Tahiti mwaka 1769. Mchoro ukapita kwa Giovanni Battista Cipriani, kisha kwa mchongaji Francesco Bartolozzi. Ulipotoka, watu wale walikuwa na miili ya sanamu za Kigiriki, wamekaa kwa madaha chini ya miti.

Maandishi ya kitabu hichohicho yanawaeleza kama watu wenye shida kubwa, waliokosa hata cha kujikinga na baridi.

Soma tena. Kitabu kimoja, na picha inapingwa na ukurasa wa jirani yake. Msomaji wa 1773 aliyekuwa na vyote viwili aliweza kuuliza. Anayeinunua picha leo ikiwa peke yake, kwenye fremu, hana wa kumwambia kwamba haikuwa hivyo.

Kwenye kitabu cha 1777 jambo hilo limerudi. Picha ya Cook akishuka kisiwa cha Middleburgh, ambacho wenyeji wa Tonga wanakiita 'Eua, inawaonyesha wenyeji wamevaa mashuka yaliyoanguka kwa mikunjo kama ya kale ya Kigiriki. George Forster alilalamika juu ya picha hiyo ndani ya kitabu chake mwenyewe. Alikuwepo pale. Aliwaona.

Kwa hiyo picha ya safari si dirisha. Ni kauli ya mtu mmoja iliyopita mikono mitatu au minne, na kitabu ndicho kinachobeba kauli nyingine za kuipima. Ukiitoa, hujapunguza kitabu tu. Umeinyima picha yenyewe mpinzani wake.

Hapo ndipo nilipoacha kuliona pengo kama tundu la kuzibwa.

## Pwani yetu ndani ya majalada hayo

Kwa msomaji wa Mombasa, Lamu au Unguja, suala hili si la mbali. Vitabu vya safari vyenye pwani yetu vipo, navyo vimekatwa kwa kisu kilekile.

Cha Kapteni William Owen kilitoka London mwaka 1833, kwa Richard Bentley, juzuu mbili za oktavo, yaani za ukubwa mdogo kuliko kwarto. Ni simulizi ya meli *Leven* na *Barracouta* zilizopima pwani ya Afrika kuanzia 1822 hadi 1826, ikiwamo ile miaka ambayo bendera ya Uingereza ilipepea Mombasa kwa ombi la Mazrui, watawala wa mji huo. Anayevuka Port Reitz, mkono wa bahari wa Mombasa, kila siku anapita juu ya jina la luteni aliyeachwa pale mwaka 1824 na kufa kwa homa miezi michache baadaye. Homa iliua mabaharia wengi mno wa safari ile.

Udhaifu wa kitabu hiki uko kwenye ramani za kukunjua. Ramani ni kubwa kuliko kitabu, imeshikwa upande mmoja tu. Mtu huikunjua kwa haraka akivuta kona, nayo hupasuka pale inapoungana na mshono, sentimita mbili tatu mwanzoni. Mwingine huikunja tena kinyume, ikapata mikunjo mipya, na kwenye makutano ya mikunjo karatasi hutoboka. Baada ya miaka kadhaa hukatika, ikachukuliwa. Kuikunjua vizuri: weka kitabu mezani, weka kitabu kingine chenye unene sawa pembeni kiwe mto, fungua mkunjo mmoja mmoja kwa mikono miwili, na rudisha kwa njia ileile.

Usitegemee nakala za intaneti kukuonyesha ramani hizo. Waliopiga picha vitabu kwa wingi mara nyingi waligeuza ukurasa na ramani ikiwa imekunjwa, ukabaki na pembe yake tu kwenye skrini. Na unapotafuta kwenye katalogi, andika majina ya zamani: Mombas, Quiloa, Zanzebar, Melinda, Patta. Wauzaji wengi hunakili tahajia ya kitabu, na anayetafuta "Mombasa" hapati kitu.

Cha pili ni cha Charles Guillain, Mfaransa aliyekuja na briki (meli ya milingoti miwili) *Ducouëdic* kati ya 1846 na 1848. Maandishi yalichapishwa Paris na Arthus Bertrand kuanzia 1856, juzuu tatu za oktavo, na picha zikawekwa kwenye atlasi ya folio, yaani ya ukubwa mkubwa. Humo mna Zanzibar, Mogadishu, Barawa, na sura za watu wa pwani kwa litografia. Baadhi ya sura hizo zilitokana na dageroti, zile picha za awali za kamera kwenye bamba lenye fedha. Ni miongoni mwa nyuso za kwanza za watu wetu kupita kwenye kamera.

Jambo moja la kuchunga: dageroti hutoka imegeuka, kulia kuwa kushoto, na mchoraji wa litografia naye huchora kinyume juu ya jiwe. Mtu akionekana ameshika upanga kwa mkono wa kushoto, usiharakishe kuandika kwamba alikuwa wa mashoto. Hesabu kwanza picha imegeuzwa mara ngapi.

Atlasi ya folio haikai rafu moja na juzuu za oktavo. Ndiyo sababu ya kutengana kwake: warithi waligawana, maktaba ziliweka vyumba tofauti, wauzaji wakaona picha thelathini ukutani zinalipa kuliko atlasi moja. Leo maandishi ya Guillain yanapatikana bila atlasi, na kurasa za atlasi zinapatikana bila maandishi. Uso wa mtu wa Unguja unauzwa kwa maelezo ya neno moja, wakati kurasa zinazoeleza mji aliokuwa akiishi ziko nchi nyingine.

Hili linaniuma. Na ndilo linalofanya shauri langu liwe gumu, kwa sababu mtu wa pwani akiona sura ile inauzwa, moyo unamwambia airudishe nyumbani hata kama ni karatasi moja. Siwezi kumlaumu. Karatasi iliyokatwa miaka themanini iliyopita haitaungwa tena na kitabu chake kwa mimi kukataa kuinunua. Ninachoomba ni kuuliza: imekatwa lini, na kutoka wapi? Tazama nyuma yake kwenye mwanga, tafuta muhuri wa maktaba au mahali ulipofutwa, karatasi ikiwa imekonda au imepauka mraba mmoja. Muuzaji mwenye kurasa ishirini safi za kitabu kimoja, zenye tundu za wadudu zinazolingana, amekikata kitabu hicho mwenyewe au anamjua aliyekikata. Huyo mwache.

## Mkusanyaji mwenye kisu

Kuna kisa cha mahakamani kilichoniondolea dhana kwamba wanaokata ni wauzaji tu. Januari 2009, London, mkusanyaji tajiri wa vitabu vya safari alihukumiwa kifungo cha miaka miwili. Alikuwa amekata kurasa, picha na ramani kwenye vitabu vya Maktaba ya Uingereza na vya Bodleian ya Oxford. Sehemu ya alivyokata alivitia ndani ya nakala zake mwenyewe.

Alikuwa anaziba mapengo.

Sifananishi ununuzi wa halali na wizi. Lakini hamu iliyokuwa ikimwongoza naijua, na kila anayekusanya anaijua: ile karatasi moja inayokosekana, ambayo ikipatikana rafu nzima itatulia.

## Kitu cha kuweka pale

Njia niliyoikubali ni hii. Pengo libaki, na picha ya nakala iwekwe ndani bila kubandikwa.

Tafuta picha ya ubora wa juu ya karatasi ileile kutoka maktaba inayoruhusu kupakua. Ichapishe kwa ukubwa wa asili kwenye karatasi isiyo na asidi, gramu 100 hadi 120 kwa mita ya mraba, yenye weupe tofauti kidogo na wa kitabu. Tofauti hiyo ni ya makusudi: asije mtu miaka hamsini baadaye akadhani ni ya asili. Nyuma, kona ya chini, andika kwa penseli laini kwamba ni nakala, mwaka iliochapishwa, na maktaba ilikotoka. Usitumie kalamu ya wino, na usitumie gundi. Ikate iwe ndogo kwa milimita tatu kuliko ukurasa ili isichomoze ukingoni na kukusanya vumbi.

Mchaniko wa karibu na mshono unatengenezwa kwa karatasi ya Kijapani ya kozo na gundi ya wanga wa ngano, iliyopikwa na kuchujwa, kiasi kidogo sana, kisha ukawekewa uzito mpaka ukauke. Selotepu haifai hata kwa siku moja. Gundi yake hupenya, hugeuka ya kahawia, na plastiki hubanduka ikiacha doa ambalo haliondoki.

Ngozi ya jalada ikianza kutoa unga mwekundu, usipake mafuta. Mafuta huifanya iwe nyeusi na kunata, na hayarudishi nguvu. Ifunge kwa sanduku la karatasi ngumu isiyo na asidi, ishike kidogo.

Adui mkubwa kwetu ni hewa. Unyevu ukizidi asilimia 65 kwa siku kadhaa, ukungu huanza, na Mombasa au Dar es Salaam kiwango hicho ni cha kawaida. Nunua kipima unyevu kidogo, kiweke ndani ya kabati lenyewe, si ukutani sebuleni. Kabati lisigusane na ukuta wa nje. Acha angalau sentimita tano. Lisiwe la kufunga kabisa bila hewa, maana unyevu ulioingia hautoki. Silika jeli inasaidia ikiwa unaikausha kila inapobadilika rangi. Ukiisahau, ni mfuko wa mawe tu.

Ukiona unga mpya chini ya kitabu, wadudu wako kazini. Kifunge kitabu kwenye mfuko mzito wa nailoni, toa hewa, kiweke kwenye friza la nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukikitoa, usifungue mfuko kwa saa 24. Kosa hufanyika hapo: mtu hufungua mapema kwa hamu ya kuona, maji ya hewa yanatanda kwenye karatasi baridi, na kilichookolewa na wadudu kinapata ukungu.

Kuhusu glavu za pamba, ziache. Huondoa hisia vidoleni na ndizo hupasua kona. Mikono iliyooshwa na kukaushwa vizuri inatosha.

## Kukisoma kivuli

Nilisema picha yenyewe haipo. Si kweli kabisa, na jambo hili nililijua nikiwa nimeshaamua.

Weka ukurasa wenye kivuli kwenye mwanga wa dirishani, bila jua la moja kwa moja. Piga picha kwa simu ukiwa juu kabisa, sawasawa na karatasi. Kwenye programu ya kuhariri, igeuze kushoto kulia. Punguza rangi mpaka ibaki kijivu, kisha ongeza tofauti ya mwanga na giza polepole. Maandishi ya ukurasa yatakuwa kinyume sasa, ila nyuma yao kivuli kinajipanga. Mawe yanarudi upande wao. Chini, pale fundi alipoacha ukingo mpana, mara nyingine jina la picha linasomeka, na mara nyingine hata namba yake.

Karatasi ndogo ya kuweka ndani ya jalada la mbele inaandikwa hivi, kwa penseli: "Picha XLIX haipo. Ilikatwa kabla ya kitabu kufika hapa. Kivuli chake kipo kwenye ukurasa unaotazamana na pengo; kisisafishwe."